Mama Nyo Alivyokunja Mkeka

Aliyefika ni mke wangu, Mya Sint. Si mimi. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa mji wetu wana adabu sana, na wakinikuta njiani hupenda kunipa moyo kwa kusema kwamba sote wawili tulifika. Huo ni uongo wa upole tu.

Nilifundisha hesabu katika shule ya Kyaukmyin kwa miaka thelathini na mmoja. Mke wangu aliuza supu ya kambare na tambi sokoni, na sauti yake ilisikika kutoka mlango wa kaskazini hadi wa kusini. Mtu wa dini nyumbani nilikuwa mimi. Nilikuwa na kabati zima la vitabu vitakatifu, na nilizijua kwa moyo hatua kumi na sita za maarifa ambazo mwenye kufanya taamuli huzipitia. Ungeniamsha usingizini ningekutajia hatua ya tisa bila kukosea. Misimu sita ya mvua nilikwenda kukaa Kivulini, kituo cha taamuli kilicho nyuma ya kilima cha pagoda, na misimu yote sita nilirudi nimenenepa, maana wafadhili wa kule wanapika vizuri.

Mwaka wa kumi wa uhuru wetu nilijiandikisha kwa mara ya saba. Siku tatu kabla ya kuanza kwa mfungo wa mvua, miezi mitatu ya ibada, nikateleza kwenye ngazi za pagoda na kuvunjika kifundo cha mguu.

"Kibanda chako si kimeshaandikishwa?" mke wangu aliniuliza huku akiuweka mguu wangu juu ya mto.

"Kimeandikishwa."

"Na chakula cha wafadhili kimeshapangwa?"

"Kimepangwa."

"Basi nitakwenda mimi. Vitu vya watu haviachwi vikaoza."

Nilicheka mpaka mguu ukaniuma. "Wewe, Mama Nyo? Kule watu hawaongei! Siku ya kwanza tu utapasuka."

"Kwani kuna kazi gani? Kukaa kitako na kufumba macho! Wewe umekuwa ukilala miaka yote hii, ukiamka unaita ibada."

Binti yetu Nyo, aliyekuwa na miaka ishirini na minne na ulimi wa mama yake, akasema, "Mama nenda. Genge nitalishika mimi. Na Baba atamenya vitunguu, mikono yake haijavunjika."

Asubuhi yake habari ilikuwa imeenea soko zima. Jirani yetu wa genge, Pwa Shin, muuza bajia, ambaye yeye na mke wangu walikuwa na ugomvi wa miaka saba juu ya moshi wa karai lake, alitangaza mbele ya wateja: "Mya Sint akikaa kimya siku tatu, nitakula karai hili na mafuta yake." Maneno hayo yalimfikia mke wangu akiwa anafunga mkeka wake. Nami nadhani ndiyo yaliyomshikilia kule wiki ya kwanza, wala si dini.

Siku ya nane, mimi kwa magongo na Nyo na chakula, tulikwenda kumtazama. Alikuja kutoka bustanini na blauzi nyeupe, uso hauna hata tone la liwa, akitembea taratibu kama mtu aliyebeba mayai kichwani. Nyo alilazimika kuuma shela yake asicheke. Ilikuwa saa ya kila mmoja kueleza alichokiona, na Sayado, mzee mkuu wa watawa wa pale, mwembamba mwenye masikio makubwa, alituruhusu tukae nyuma ya ukumbi.

"Umeona nini, Mama?" alimwuliza.

"Nimemwona Pwa Shin."

"Amekuja hapa?"

"Hajaja, Sayado. Yuko kichwani. Nikifumba macho tu, huyo hapo na karai lake."

"Na tumbo? Si nilikwambia utazame linavyopanda na kushuka?"

"Linapanda na kushuka, lakini Pwa Shin amelikalia."

Ukumbi mzima uliinamisha vichwa, mabega yakitikisika. Sayado mwenyewe alicheka, akafuta macho kwa pembe ya vazi lake. Kisha akasema kwa upole, "Akija tena, usimtazame Pwa Shin. Itazame hasira yenyewe. Iko wapi mwilini? Ina joto? Inabana? Inakua au inapungua? Pwa Shin mwache auze bajia zake."

"Sijawahi kuitazama," mke wangu akasema. "Huwa naitumia tu."

Niliandika jibu hilo kwenye daftari langu nilipofika nyumbani. Misimu sita sikuwahi kumwambia Sayado kitu cha ukweli namna ile. Mimi nilikuwa nikimtajia aya.

Mvua ziliendelea. Nilimenya vitunguu, nikasaga tangawizi, nikakatakata mchaichai, na wateja wakamsifu Nyo kwa supu yake mbele yangu kana kwamba mimi nilikuwa gogo. Tulipokwenda mara ya tatu, mke wangu alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa yametulia kwa namna niliyoiona ngeni.

"Baba Nyo," alininong'oneza, "unajua ufuta ukiumwaga kwenye kikaango cha moto? Unavyodundadunda, pa-pa-pa, kila punje inatokea na kupotea? Mwili wangu uko hivyo. Goti, mkono, sauti ya ndege, hata fikra. Kila ninachokishika kimeshakwisha kabla sijakishika. Natafuta Mya Sint yuko wapi humo ndani, simwoni."

Mfano wa ufuta! Ulikuwemo kitabuni mwangu, kwenye maelezo ya hatua ya tano. Mke wangu hakuwahi kukifungua kitabu kile isipokuwa kukipangusa vumbi. Ningependa kusema nilifurahi. Ukweli ni kwamba kijicho kilinipiga kifuani kama teke la nyati. Njia nzima ya kurudi nilikunja uso, na Nyo akadhani ni mguu.

Wiki mbili baadaye, alasiri moja ya manyunyu, nilikuwa barazani na beseni langu la vitunguu nilipomwona mke wangu anaingia uani peke yake. Amelowa. Kwapani ana mkeka wake, umekunjwa na kufungwa kamba.

"Nimeacha," akasema.

"Kuna aliyekuudhi?"

"Hakuna. Wote wazuri." Aliketi kwenye ngazi, hata hakufuta maji usoni. "Kila kitu kinanichusha, Baba Nyo. Nikikaa nachoka, nikitembea nachoka. Chakula kama majani makavu. Kwanza niliogopa, nikalia bila sababu, siku tatu. Sasa nataka kutoka tu. Lakini sijui kutoka wapi kwenda wapi. Nimekuja nyumbani, na nimefika hapa mlangoni naona hata hapa sipataki."

Kisu kilinisimama mkononi. Nilijua alipofika. Wazee wa taamuli wana jina la mahali hapo: wanapaita kukunja mkeka. Mtu akiona wazi kwamba hakuna kitu cha kushikilia, moyo wake hukata tamaa na kila kitu, na wengi hufunga virago wakaenda zao, wakiwa wamebakiza hatua chache tu.

Nilijua, na nikanyamaza. Ningeweza kumwambia, "Pole, mke wangu, umejitahidi, pumzika." Nyo angepata msaidizi gengeni. Mimi ningemlisha uji wa moto na kumfunika shuka, na jioni ningefungua kitabu changu na kubaki mwenye dini wa nyumba ile. Nilimenya vitunguu vitatu nikiwa kwenye fikra hiyo. Vitatu vizima. Cha nne kikanitoa machozi, nikakitupa besenini.

"Mama Nyo, kuna jambo nalijua ambalo wewe hulijui."

"Kama kawaida yako."

"Sikiliza, mwanamke! Hapo ulipo pana jina. Panaitwa kukunja mkeka. Wanaofika hapo hawajashindwa, wamekaribia. Mimi sijawahi kufika. Misimu sita sijawahi kuchoshwa hata na mto wa kulalia."

"Unanieleza kweli au unanifukuza?"

"Nakueleza kweli, na pia nakufukuza. Simama twende."

"Na mguu wako?"

"Mguu ni wangu."

Tulipanda gari la farasi la U Tha Zan, jirani yetu, ambaye alitutazama, akautazama mkeka, akauliza kama tumeachana. "Bado," mke wangu akamjibu. Njia ya kilima ilikuwa tope tupu. Mara mbili gari lilikwama, na mara ya pili mke wangu alishuka akalisukuma yeye, huku akimtukana farasi, kisha akasita, akasema peke yake, "hasira, hasira," akaendelea kusukuma. U Tha Zan akanikonyeza. Alidhani nimeoa kichaa.

Sayado alikuwa barazani kwake akishona kiraka cha vazi. Mke wangu alipiga magoti, mkeka kwapani bado. Mzee aliutazama mkeka, akanitazama mimi na magongo yangu, uso wote ukamjaa tabasamu.

"Mwalimu, tangu lini unanisaidia kazi?"

"Tangu leo, Sayado."

"Basi leo umefundisha vizuri." Akamgeukia mke wangu. "Hukitaki kile, hukitaki hiki?"

"Sitaki chochote, Sayado."

"Vizuri. Ukutazame huko kutotaka, kama ulivyoitazama hasira. Kautandike mkeka."

Alikwenda kuutandika. Mimi nilirudi nyumbani nimelowa chapachapa, mguu unanipwita kwa maumivu, na nikaimba njia nzima. U Tha Zan hakuniuliza tena kitu.

Kilichotokea baadaye sikukiona kwa macho yangu. Alinisimulia mwenyewe, mara moja tu. Siku kadhaa, alisema, mambo yalitulia yenyewe. Maumivu yalikuja, hayakumsumbua. Utamu ulikuja, haukumvuta. Alikaa saa tatu kama mtu aliyeketi kando ya mto akitazama maji. Asubuhi ya siku ya hamsini na sita, baada ya kifungua kinywa, alikuwa anatembea kwenye kijia cha matofali nyuma ya kibanda chake. Anainua mguu, anajua, anausogeza, anajua, anaushusha, anajua.

"Halafu ikakatika," akaniambia.

"Nini?"

"Yote. Unajua mvua inapopiga bati tangu alfajiri mpaka unasahau kwamba kuna kelele? Halafu inakoma ghafla, na hapo ndipo unapojua ulikuwa kwenye kelele. Ndivyo. Sijui ni kitambo gani, labda kupepesa jicho. Kisha miguu ikarudi, matofali yakarudi, na kunguru mmoja alikuwa juu ya paa anapiga makelele. Nikamcheka kunguru. Nilicheka mpaka nikakaa chini."

Sayado hakumpa cheo. Watawa wetu hawatangazi mambo hayo. Alifanya afanyavyo siku zote: aliwakusanya waliokaa muda mrefu, akawahubiria hatua zote kumi na sita, moja baada ya nyingine, ili kila mmoja ajipime mwenyewe. Wanasema alipofika kwenye hatua ya kumi na nne, pale yote yanapokatika, mke wangu aliangua kicheko, kicheko cha sokoni kabisa, mbele ya watu arobaini walioinamisha macho. Sayado alimtazama, akaitikia kwa kichwa, akaendelea na hatua ya kumi na tano.

Mke wangu alirudi nyumbani mfungo ulipokaribia kwisha. Nami, mwenye vitabu, sikujizuia. Nilimwuliza usiku uleule kabla hata hajashusha mzigo: "Umefika?"

"Kufika wapi? Umekula wewe?"

Asubuhi yake alikwenda gengeni. Muuza samaki alikuwa ameshaleta kambare wake, saba, wazima, wanapiga mikia kwenye ndoo. Wateja walikuwa wengi kuliko kawaida, maana kila mtu alitaka kumwona, na Pwa Shin alikuwa ameacha karai lake akasimama mikono kiunoni. Mke wangu alimtoa kambare wa kwanza, akamlaza kwenye ubao, akanyanyua mchi kama alivyofanya kila asubuhi kwa miaka ishirini na tisa.

Mchi ukabaki juu.

Sote tuliutazama. Yeye mwenyewe aliutazama, kwa mshangao, kama mtu anayetazama mkono wa mwenzake. Kisha akaushusha taratibu, akauweka pembeni.

"Siwezi," akasema.

"Hutaki?" Nyo akamwuliza.

"Ningesema sitaki kama sitaki. Siwezi. Hauteremki."

Hilo nalo limo vitabuni: aliyeingia mkondoni, yule wa daraja la kwanza la watakatifu, hakatazwi kuua. Hawezi tena, basi. Mimi nilikuwa nimelisoma mara mia, na sasa lilikuwa mbele yangu, na aproni iliyolowa.

Aliinua ndoo na kuanza kwenda mtoni. Nusu ya soko ilimfuata, wengine wakicheka, wengine wamekunja mikono kwa heshima, wengine na bakuli tupu wakiuliza kama leo hakuna kula. Aliwamwaga kambare majini mmoja mmoja. Wa mwisho alimpiga mkia usoni, akasema, "Na wewe pole," watu wakaangua vicheko.

"Supu ya samaki bila samaki!" Pwa Shin alimkaribisha tuliporudi. "Sasa utatuuzia maji ya kuogea?"

Mke wangu alimwendea. U Tha Zan alishuka hata kwenye gari lake aone vizuri. Na Mya Sint, mbele ya soko zima, akapiga magoti kwenye ganda la ndizi na tope, akaunganisha viganja, akainama mara tatu.

"Pwa Shin, kwa kila neno baya nililokutupia kwa miaka saba, nisamehe."

Pwa Shin aliruka nyuma kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Una nini wewe? Una homa? Inuka! Ni hila gani hii?"

"Si hila."

"Inuka, watu wanatutazama!"

"Watazame. Nimekuwa na wewe kichwani siku hamsini, Pwa Shin. Nakujua kuliko mama yako. Nisamehe tu, nikapike."

"Haya, haya, nimekusamehe! Inuka!" Kisha, baada ya kufikiri: "Ila moshi wangu hauhami."

"Usihame."

Pwa Shin hakumwamini. Mwezi mzima alimjaribu. Alimwelekezea moshi makusudi, akamwita mtakatifu wa vitunguu, akasema mbele ya wateja kwamba Kivulini walimpa dawa. Mara moja au mbili niliona uso wa mke wangu ukiwaka, na sauti ile ya milango miwili ikapanda. Halafu ikapita, kama mbwa wa jirani anayekatiza uani. Alipika supu nzito ya dengu, na mtu akimwuliza, "Dengu za leo?" alijibu, "Za jana, zimebaki," kwa kuwa hata uongo wa biashara ulikuwa hautoki tena. Tulidhani tutafunga genge. Badala yake watu walizidi, maana ilikuwa raha kuuliza mambo na kupata jibu la kweli. Mwanamke mmoja alimwuliza kama blauzi yake mpya imempendeza. Sitasema aliambiwa nini, ila alirudi kesho yake na blauzi nyingine.

Mwisho wa mwezi huo Pwa Shin alikuja nyumbani kwetu mchana, bila karai, amepaka liwa vizuri kama anakwenda harusini. Aliketi ukingoni mwa mkeka.

"Mya Sint, kule mtu anakaa siku ngapi?"

"Anazoweza."

"Na mtu akimwona adui yake kichwani?"

"Anamwona mpaka anamchoka."

Pwa Shin alivuta pumzi. "Basi niandikishie. Lakini usimwambie mtu."

Mke wangu alimwambia kwamba akiulizwa atasema kweli, na Pwa Shin akalalamika kwamba kuwa na rafiki wa namna hiyo ni mateso. Alisema rafiki. Nilisikia kwa masikio yangu.

Siku ya kupeleka mavazi kwa watawa, baada ya mvua kwisha, mji mzima ulipanda kilima kwa ngoma na zumari. Mke wangu na Pwa Shin walibeba sinia moja, kila mtu upande wake, wakibishana nani anakwenda haraka mno. Mimi nilitembea nyuma yao, mguu umepona, nikiwaza hesabu za vitabuni. Nilimkaribia.

"Mama Nyo, walioingia mkondoni hawazaliwi tena zaidi ya mara saba, kisha hawarudi tena duniani. Umebakiza maisha saba tu, huenda pungufu. Mimi sijui hata nimebakiza mangapi."

"Kwa hiyo unalia?"

"Nimefurahi."

Alinitazama kwa macho yale yaliyotulia. "Saba ni mengi, Baba Nyo. Jitahidi unifuate." Kisha akanipa mwavuli nimshikie, maana jua lilikuwa kali na mikono yake imejaa, na wapiga ngoma wakachanganya mdundo, na Pwa Shin akaanza kucheza na sinia mkononi mpaka mavazi ya watawa yakakaribia kuanguka.